Kusafisha mwenyewe bomba la moshi la jiko la kuni, hadi livute tena

Kila Juni, baridi ya Njombe ikianza kung'ata, wasomaji wananiletea lalamiko lilelile: "Nimepanda juu ya paa, nimepiga brashi mpaka mabega yakauma, nikashuka kuwasha jiko, na moshi umezidi kuliko kabla sijaligusa."

Hawadanganyi. Brashi imefanya kazi yake, ila masizi yaliyokwanguliwa hayakutoka nje. Yameshuka na kujilundika kwenye elbo, yaani kona ya bomba, na kwenye ile njia ya moshi iliyo chini ya sufuria ya pili. Bomba ni safi, koo limezibwa. Ndiyo maana nakuomba usijihesabu kuwa umemaliza mpaka uwe umepita Hatua ya 6, hata kama mikono yako tayari ni myeusi hadi kwenye viwiko.

Maelezo haya ni ya jiko la nyumbani: la tofali na udongo lenye mashimo mawili ya sufuria, au la chuma, lenye bomba la bati la inchi 4 hadi 6 linalotokeza juu ya paa. Dohani ya tofali nitaitaja pale inapotaka mkono tofauti.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Vikusanye vyote kabla hujapanda. Ukishakuwa juu ya bati na kamba mkononi, hakuna wa kukuletea playa.

- Brashi ya waya ya mviringo yenye kipenyo cha bomba lako. Kama duka la vifaa vya ujenzi halina, kata kipande cha wavu wa banda la kuku, ukikunje kiwe bumba linalobana kidogo ndani ya bomba, ulifunge kwa waya wa kufungia nondo. Linakwangua vizuri kuliko watu wanavyodhani.
- Kamba imara, ndefu kuliko bomba kwa mita 2 au 3.
- Uzito wa kilo 1 au 2: kipande cha nondo kinafaa. Jiwe linaponyoka.
- Ngazi, na mtu wa kuishika.
- Debe la bati lenye kifuniko, la kuwekea majivu na masizi. Ndoo ya plastiki usiithubutu.
- Magunia mawili na ndoo ya maji ya kuyalowesha.
- Barakoa inayobana pua na mdomo, miwani ya kuzuia vumbi, glavu, na nguo usizozipenda.
- Tochi na kioo kidogo cha kujitazamia.
- Upawa wa zamani wenye mpini mrefu, na ufagio mdogo wa chelewa.
- Bisibisi, playa na skrubu chache za akiba.
- Udongo wa kichuguu na majivu yaliyochekechwa, kwa ajili ya kuziba.

## Je, wakati wake umefika?

Usisafishe kwa kukisia. Jiko likiwa limepoa, fungua mahali unapoweza kufika ndani ya bomba, ukwangue kwa ncha ya bisibisi, kisha upime unene wa kilichoganda kwa rula ya mtoto wa shule. Kikifika milimita 3, safisha. Kikifika milimita 6, usiwashe tena jiko hilo mpaka lisafishwe, kwa sababu hapo umejaza fueli ndani ya bomba linalopita kwenye mbao za paa lako.

Tazama pia ni cha aina gani. Masizi ya unga, meusi, yanayopeperuka ukiyapuliza, ni kazi ya dakika chache. Magamba yanayovunjika kama vipande vya mkaa yanataka brashi na subira. Aina ya tatu ni lami ngumu inayong'aa kama kioo cheusi. Bisibisi inateleza juu yake na haiachi alama. Hiyo brashi haiwezi. Kwa bomba la bati, ushauri wangu ni kulitupa na kununua jingine. Bei ya bomba si ya kulinganisha na nyumba.

## Hatua ya 1: Acha jiko lipoe saa 24

Si usiku mmoja, siku nzima. Kaa la moto likifunikwa na majivu linaweza kuishi muda mrefu sana bila kuonyesha dalili yoyote. Masizi ni fueli, na ukiyaangusha juu ya kaa hilo umewasha moto ukiwa umeinamia mlango wake.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gunia. Tulipika uji asubuhi, nikaanza kazi saa tisa alasiri, jiko limepoa kabisa kwa kuligusa. Nilipozoa majivu na kuyamimina kwenye gunia kavu, lilianza kufuka moshi nikiwa nimelibeba. Tangu hapo ni debe la bati, na kifuniko juu.

## Hatua ya 2: Chagua saa na uandae jiko

Anza kama saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Bati lenye umande linateleza kama ndizi mbivu. Siku ya mvua au ya upepo, ahirisha.

Toa vyakula na vyombo jikoni, na umwombe mama mwenye nyumba aanue nguo kambani. (Masizi yakitua kwenye shuka nyeupe, utaelezwa habari zake mwaka mzima.) Lowesha gunia moja, ulikamue, uzibe nalo mdomo wa jiko. Funika mashimo ya sufuria kwa sufuria zenyewe, na pembeni mwake uweke gunia la pili. Gunia bichi linanasa vumbi, kavu linalipitisha.

## Hatua ya 3: Gonga bomba usikilize

Chukua fimbo ya mti, uligonge bomba taratibu kuanzia chini kwenda juu. Sehemu safi inalia kama debe tupu. Sehemu iliyoganda inatoa sauti nzito, fupi, kama debe lililojaa unga. Weka alama ya chaki hapo, maana ndipo brashi itakapokwama.

Kama jiko halijawashwa kwa miezi, sikiliza pia kama kuna mvumo. Nyuki wanapenda mabomba yaliyolala. Ukiwasikia, acha kazi uite mrina asali. Usiwawashie moto chini.

## Hatua ya 4: Panda salama, ufungue kofia

Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na kichwa chake kizidi ukingo wa paa kwa mita moja hivi. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mistari ya misumari ya bati, kwani hapo ndipo zilipo papi, mbao zinazobeba bati. Ukikanyaga katikati, bati linabonyea na mvua ijayo utaijua. Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani unapitia wapi kabla hujainua kipande chochote cha bomba.

Kama paa ni kali au magoti yako hayana imani nawe, si lazima upande. Fungua skrubu, ushushe bomba vipandevipande kutokea ndani, uvisafishie uani. Kazi ni ndefu zaidi lakini hakuna anayeanguka. Pale linapopenya paa paache palivyo, ili usije ukafungua njia ya mvua.

Kofia ing'oe na uikague. Kama ina wavu wa kuzuia cheche, mara nyingi huo ndio ulioziba kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu juu kabisa ndipo moshi unapokuwa umepoa. Ukungute kwa brashi, lakini usiutupe, hasa kama jirani yako ameezeka kwa nyasi.

## Hatua ya 5: Piga brashi

Funga brashi kwenye kamba na uzito uning'inie chini yake, kiasi cha sentimita 20. Ishushe polepole hadi uhisi imegusa chini, kisha ivute. Rudia mara kumi au zaidi. Mwanzoni utasikia magamba yakianguka kama mahindi makavu kwenye sinia. Yakinyamaza na kamba ikapita laini, bomba limekubali.

Kama brashi ni ya waya mgumu, usigeuze mwelekeo katikati ya bomba. Nyuzi zake zinalala upande mmoja, na ukigeuza ghafla zinajikita ukutani. Ipitishe hadi mwisho ndipo uivute. Ikikwama, itikise kwa mivuto mifupi badala ya kuivuta kwa nguvu zote, kwani ukiwa juu ya paa kamba ikikatika, wa kwanza kwenda chini ni wewe.

Dohani ya tofali za udongo haitaki waya wala nondo. Tumia gunia la katani lililojazwa majani, na uzito mdogo. Nondo ikigonga plasta ya ndani inabomoka, na ufa unaoachwa unapitisha cheche hadi kwenye mbao.

Usiuchungulie mdomo wa bomba wakati unavuta. Linalopanda na brashi linakuja usoni.

## Hatua ya 6: Fungua koo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tukae kidogo.

Shuka, usubiri nusu saa vumbi litulie. Ukiondoa gunia mapema, jiko litakupigia chafya jikoni kote. Kisha anza na elbo: legeza skrubu, uitoe yote, uipeleke nje. Ishike kwa mikono miwili. Ikiwa imejaa, ni nzito kwa namna ya kushangaza. Mara ya kwanza nilipofungua ya kwangu baada ya kupiga brashi, sikuona tundu. Niliona ukuta mweusi uliosimama wima, kama keki iliyokatwa. Moshi ungepita wapi?

Kama elbo imejengewa ukutani na haina mlango, ng'oa tofali moja chini yake, ulitumie kama kizibo kuanzia leo. Litakusaidia kila mwaka.

Sasa ingia ndani ya jiko. Toa sufuria zote mbili. Chini ya shimo la pili kuna kizingiti cha udongo kinachoulazimisha moto upande kugusa sufuria kabla ya kuondoka. Nyuma ya kizingiti hicho ndipo majivu mepesi yanapotua, na masizi ya juu yanapokuja kuongezea. Ingiza upawa, uchote polepole, kisha umalizie kwa ufagio wa chelewa. Usikibomoe kizingiti ukidhani ni uchafu ulioganda; kikivunjika moto unakimbilia bombani na ugali hauivi.

Kwenye jiko la chuma, chini ya sahani ya juu mara nyingi kuna bamba linaloelekeza moshi. Likitoka kwa mkono, litoe. Masizi hukaa mgongoni mwake.

Utajuaje umefaulu? Washa tochi, weka kioo kwenye mdomo wa chini wa bomba, ukiinamishe. Unatakiwa uone duara kamili la anga, jeupe, lenye kingo safi. Ukiona nusu mwezi, kuna kitu bado kimeng'ang'ania upande mmoja. Ukiona giza, rudi Hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Tafuta matundu

Funga madirisha jikoni pawe giza, uingize tochi inayowaka ndani ya bomba. Mahali penye kutu iliyotoboka patatoa nukta za mwanga kama nyota. Tundu dogo kwenye kiungo linazibika. Matundu katikati ya bati yanamaanisha kipande hicho kimekwisha, na udongo utakaopaka hapo utadondoka siku ya kwanza ya moto mkali.

## Hatua ya 8: Rudisha na uzibe

Vipande vya bomba vina mwisho mwembamba na mwisho mpana. Mwembamba uelekee chini, uingie ndani ya kipande cha chini yake. Mafundi wengi hugeuza, wakifikiria mvua. Lakini ndani ya bomba kuna lami ya majimaji inayotiririka kurudi chini. Bomba likigeuzwa, inavujia nje kwenye kila kiungo, na ukuta unachorwa michirizi ya kahawia yenye harufu isiyotoka.

Kaza skrubu tatu kila kiungo. Changanya udongo wa kichuguu sehemu mbili na majivu sehemu moja, uukande kama unga wa chapati, upake viungo na kuzunguka mguu wa bomba. Uache ukauke hadi kesho. Udongo mbichi ukipigwa na moto unapasuka.

Rudisha kofia. Kuna wanaoisahau juu ya paa.

## Hatua ya 9: Washa kwa majaribio

Bomba baridi limejaa hewa nzito isiyotaka kupanda. Washa karatasi moja iliyokunjwa, uishike kwenye shimo la pili, karibu na mguu wa bomba. Mwali ukilala kuelekea bombani, linavuta. Ukisimama wima au ukakurudia, kuna kizuizi, usiongeze kuni.

Ukilala vizuri, washa moto mdogo wa vijiti vikavu kwa nusu saa. Jikoni macho yasiwashe. Toka nje utazame: moshi wa mwanzo ni mweupe na mzito, na moto ukishakolea unakuwa mwembamba kiasi cha kuona miti kupitia kwake.

Onyo ambalo silifanyii mzaha: bomba lililoziba halirudishi moshi tu. Linarudisha pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu wa nyumbani wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu jiko likiwaka, watoe wote nje kwanza, maswali baadaye.

## Masizi na mikono

Debe la masizi liweke nje juu ya udongo, mbali na ghala na banda, kwa siku kadhaa, kisha yafukie. Majivu meupe matupu bustani inayapokea. Masizi yenye lami sitaki kuyaona kwenye mchicha wangu. Mikono ipake mafuta ya kupikia kwanza, uifute kwa kitambaa, ndipo utumie sabuni. Ukianza na maji unayasambaza tu.

## Njia za mkato za kukataa

Kuna anayemwaga mafuta ya taa ili masizi yaungue yenyewe. Kuna anayejaza vijiti vikavu apandishe moto mkubwa "kulichoma bomba." Hicho si kusafisha, ni kuanzisha moto wa bomba kwa hiari. Ukifika, utaujua: mvumo kama lori linalopanda mlima, bomba linatetemeka, bati linakuwa jekundu, na joto ndani linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ziba mdomo wa jiko na kila tundu la hewa, toa watu, piga 114 kwa Zimamoto. Usimwage maji ndani ya bomba. Yanageuka mvuke kwa kishindo na kulipasua.

## Kuni

Huku kwetu lawama zote hutupiwa paina na utomvu wake. Nimechoma paina, milingoti na miwati, na mkosaji ninayemwona ni maji. Mabanzi yanayotoka kiwandani leo na kuingia jikoni leo yanachemka badala ya kuwaka. Moshi wake unapanda ukiwa baridi na mvuke mwingi, unagusa bati lililopoa, unaganda. Pasua, panga chini ya paa penye upepo kwa miezi sita. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, na ukigonga mbili zinalia badala ya kutoa sauti ya kuguna. Na ile tabia ya kubana hewa ili moto ulale hadi asubuhi ndiyo inayotengeneza ile lami ya kioo.

## Kama moshi bado unarudi

Kwanza fungua dirisha. Nyumba iliyofungwa kila upande haina hewa ya kulipa bomba, na ukiona moshi unatii mara moja, hilo ndilo jibu.

Pili, pima urefu. Mdomo wa bomba uwe walau sentimita 90 juu ya pale lilipotoboa paa, na sentimita 60 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3, pamoja na kichwa cha paa lenyewe. Bomba fupi linapigwa na upepo unaoteremka na kusukuma moshi ndani.

Tatu, na hili linawakuta hasa waliofungua bomba wakalirudisha: huenda umelisukuma ndani mno. Mguu wake umegota kwenye sakafu ya njia ya moshi au ukuta wa nyuma wa jiko, na nafasi iliyobaki haipitishi hata vidole viwili. Ingiza mkono kupitia shimo la pili ulipapase. Ukigusa ukingo wa bati umekaa juu ya udongo, livute juu sentimita 10, paka udongo upya, subiri kesho, ujaribu tena kwa karatasi.